Mkuyu Juu ya Jiwe

Minza alisema atanitumia lokesheni. Nikamjibu kwamba simu yangu ni kiswaswadu, haijui lokesheni na haina mpango wa kuijua, na kwamba njia ya kwenda kwao niliijua kabla yeye hajazaliwa. Akacheka kidogo. Kisha akakumbuka alichonipigia, akaanza kulia. "Mama mdogo, mama ametuacha asubuhi hii," akasema. Nilikuwa jikoni kwangu Kahama, nimebandika maharage, na jambo la kwanza nililofanya ni kuyapunguzia moto, kana kwamba ningerudi kuyaangalia. Sikurudi. Jirani ndiye aliyekuja kuyaepua yakiwa yameshika sufuria, akanikuta nimekaa kwenye kigoda na simu mkononi, nikimwambia Kabula mwenyewe, mama yake Minza, kwa sauti, kwamba hakuwa na haki ya kutangulia.

Kesho yake basi lilinishusha Nyegezi. Vijana wa bodaboda wakanizunguka, mmoja akanipokea mkoba kwa heshima zote. "Shikamoo bibi. Panda nikufikishe." Nikamwambia naenda msibani Mkuyuni, na kwa marehemu huyu watu huenda kwa miguu. Alidhani ni mila ya kwetu. Akanirudishia mkoba, akanipa pole, akanionyesha upande wa barabara wenye kivuli. Haikuwa mila. Magoti yangu yalistaafu kabla yangu, na mtu mwenye akili angepanda pikipiki. Lakini Kabula na mimi hatukuwahi kukipita kipande kile cha mji kwa chombo chochote, na sikuona namna ya kwenda kumzika nikiwa nimekaa. Nikaanza kutembea. Mkono wa kushoto ziwa lilijitokeza na kujificha nyuma ya majengo. Mkono wa kulia vilikuwa vilima, ambavyo zamani vilikuwa vya kijani hadi karibu na kileleni na sasa nyumba zimepanda mpaka kwenye vipara vya mawe. Nilikuwa nasimama kila penye mti, naupigia hesabu kama ulikuwapo wakati wetu au umeota baada yetu, na mingi sikuijua.

Mwaka nitakaousimulia tulikuwa wasichana wa chuo cha ualimu, tunakaribia kumaliza. Mabweni hayakututosha wote, kwa hiyo Kabula na mimi tulipanga chumba Butimba kwa mjane wa Kihaya tuliyemwita Mama Koku. Mgeni angekiona chumba cha ajabu, ingawa kwa mtu wa Mwanza hakikuwa na ajabu yoyote: jiwe lilikuwa ndani. Fundi alishindwa kulitoa wakati wa kujenga, akazungusha ukuta, na robo ya jiwe ikabaki kwetu, kwenye kona, laini na la baridi, kimo cha kiuno. Juu yake tuliweka taa ya chemli, sahani, na maandalio yetu ya masomo. Siku za joto tuliegemeza migongo hapo mpaka usingizi uje. Sehemu iliyobaki nje ilikuwa mali ya pimbi, ambao asubuhi walikaa wakiota jua na kututazama tukipiga mswaki. Mama Koku alipika kwenye kibanda nyuma ya chumba, na kwa kuwa ukuta ulikuwa mwembamba tulizijua habari za mtaa mzima kabla ya chai. Tulizijua na habari zetu wenyewe. "Wale watoto wangu wa chuo," tulimsikia siku moja akimwambia jirani kwa sauti yake ya polepole, "kila Jumapili wanazunguka milimani. Mmoja anatafuta mtu. Mwingine sijui anatafuta nini." Huyo mwingine nilikuwa mimi.

Kabula alitoka vijiji vya Magu. Alikuwa mrefu, mwenye hatua ndefu za mtu aliyekua akifuata ng'ombe. Tulipokutana alinicheka kwa sababu mimi ni Mjita na r na l zangu zilikuwa zinaazimana nafasi. Nami nikamcheka kwa sababu hakujua kula samaki. Alimshika sato kwa ncha za vidole kama mtu aliyelazimishwa kushika nge. Basi mimi nikawa namtolea miiba, yeye ananisahihishia matamshi kabla ya mazoezi ya kufundisha, tukawa ndugu. Jioni moja mvua inanyesha, tunakula michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, aliyoipika na karanga, akaniambia habari za dada yake. Dada huyo, mkubwa wake, aliitwa Minza, siye huyu wa simu. Aliozwa kwa ng'ombe wengi, mume akawa mwepesi wa mkono, Minza akatoroka. Ng'ombe wakarudishwa wote pamoja na ndama wao, na baba yao, kwa aibu na hasira, akatamka mbele ya ukoo kwamba mtoto yule asikanyage tena uwanja wake. Miaka ikapita, baba akafa. Mama yao sasa alikuwa na ugonjwa wa moyo, miguu imevimba, na alikuwa na haja moja tu duniani: amwone Minza, amwambie kwa mdomo wake kwamba aliyemfukuza hayupo tena. Na habari za Minza zilikuwapo. Mtu mmoja wa kijijini aliyekwenda mjini kuuza ngozi alikutana naye njiani, na Minza akampa maneno ya kupeleka nyumbani. Mwambie mama nipo Mwanza, mlimani. Pana jiwe kubwa lenye mkuyu juu yake. Ukisimama mlangoni kwangu unaliona ziwa.

Nilisubiri aendelee. "Na mtaa?" nikamuuliza.

"Hakuutaja."

"Na huyo mwenye ngozi hakuuliza?"

"Angeuliza nini?" Kabula akasema. "Kwetu ukishasema jiwe lenye mkuyu umemaliza. Kijiji kizima kina moja."

Tulicheka, Mungu atusamehe, tulicheka mpaka Mama Koku akagonga ukuta. Maana kusema Mwanza kuna jiwe lenye mkuyu mbele ya ziwa ni sawa na kusema kuna mwanamke amevaa kanga. Ndege hula kuyu, hudondosha mbegu kwenye ufa wa jiwe, na mti unaanza maisha pale pale pasipo na udongo, mizizi inateremka ubavuni mwa jiwe ikitafuta ardhi. Mji mzima umejaa mambo hayo. Minza aliishi mjini akaendelea kuelekeza watu kama yuko kwao, na watu wa kwao wakampokea hivyo hivyo, wakaona wamepewa anwani kamili. Hakuna aliyedanganya hapo, na hakuna aliyezembea. Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi na bado linaniuma kwa sababu sina wa kumlaumu.

Basi tukaanza kutafuta. Jumapili tukitoka kanisani tulikunywa chai, tukafunga viatu vya shule, tukachagua kilima. Tulianza na vya jirani, nyuma ya Butimba, ambako miti bado ilikuwa mingi na wanawake walikuja kuokota kuni. Tukaenda Nyegezi, tukashuka hadi ufukweni kwenye matete, tukapanda tena. Tukaenda Igogo, ambako nyumba zimepangana juu ya mawe hivi kwamba paa la mmoja liko usawa wa mlango wa mwingine, na mtu anayepika huku anaongea na anayefua kule bila kuinua sauti. Tulipanda Bugando, tukapita Isamilo kwenye bustani za watu wenye nafasi, tukazunguka mpaka Kirumba. Siku moja tulifika Capri Point, mahali pa vivuli vizuri kuliko pote, mijakaranda imemwaga maua barabarani, kisiwa cha Saanane kiko pale mbele. Mlinzi wa nyumba moja akatufuata. "Mabinti, mnatafuta nini huku?" Kabula akamjibu ukweli kwamba tunatafuta jiwe lenye mkuyu. Yule mzee akageuka, akatazama mlima mzima juu yetu, akatutazama sisi. "Chagueni," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Mlimani huanzi na swali. Tulijifunza hilo mapema. Ukianza na swali wanadhani umetumwa na halmashauri, au unamfuata mume aliyetoroka, au umeleta dini mpya. Unaanza na shikamoo, unasaidia kubeba ndoo kwa sababu mama huyo ametoka nayo bombani kule bondeni, unafika naye mlangoni, unapewa kigoda. Ndipo unasema. Nimekula vyakula vya makabila yote ya kanda ile mwaka ule, nikiwa kwenye vigoda vya watu nisiowajua: ugali wa muhogo wa Wakerewe unaovutika, ndizi za Wahaya, kuku wa Wakurya ambaye nilimwonea huruma. Na kila mahali Kabula alisimama kwanza mlangoni, akatazama ziwa. Alikuwa anapima. Nilimwona akifanya hivyo kwenye milango mingi sana, mkono mmoja kwenye fremu, na kila mara ziwa lilikuwapo, na mkuyu ulikuwapo, na Minza hakuwapo. Jioni tulirudi tumejaa vumbi, nami moyoni nilikuwa na furaha ambayo sikuthubutu kuionyesha. Nilikuwa napenda kutembea. Nilipenda kufika juu na kuona maji yote yale yamelala kimya. Yeye alikuwa anatafuta ndugu, mimi nilikuwa nazawadiwa mji.

Likizo ya katikati ya mwaka alikwenda kwao, akarudi na gunia dogo la michembe na uso uliopungua. Mama yake alikuwa hawezi tena kutembea hadi kisimani. "Kila nikiingia ananitazama nyuma yangu," Kabula aliniambia. "Hanitazami mimi. Anatazama kama nimekuja na mtu." Baada ya hapo Jumapili pekee haikutosha. Akaanza kuondoka na jioni za katikati ya juma, na mimi nikamfuata, na alama zangu za saikolojia ya elimu zikashuka kiasi kwamba mkufunzi alinifanyia mzaha mbele ya darasa.

Lakini siku yenyewe, siku ambayo kila kitu kilikuwa mezani mbele yetu, ilikuwa imeshapita kabla ya likizo ile. Palikuwa na mama lishe Mkuyuni, Mama Rehema, aliyepika sato wa nazi kwenye banda karibu na reli. Tulipita kwake tukitoka Igogo, mchana wa masika, matope mpaka kwenye magoti. Kwenye benchi la pili walikaa vijana wapasua kokoto, nywele na nyusi zimekuwa nyeupe kwa unga wa mawe. Mimi nilikuwa namtolea Kabula miiba.

"Lile la mkuyu ndilo lilitutesa," mmoja wao alikuwa anasema. "Mizizi imeshika mpaka ndani. Tumechoma matairi juu yake, tumemwaga maji, wapi."

"Na yule dada wa pale alivyolia," mwenzake akasema. "Utadhani tumemvunjia nyumba."

"Jiwe tu jamani."

Wakacheka, na sisi tukatabasamu kama mtu anavyotabasamu kwa maongezi ya meza ya pili. Mama Rehema akatuongezea mchuzi. Tulikuwa tumeingiza vichwani picha ya jiwe lililosimama na mti uliosimama, na habari ya jiwe lililovunjwa haikuwa na mahali pa kukaa.

Ilikuja kukaa miezi kadhaa baadaye, mvua za vuli zinanukia. Tulikuwa tunapanda njia moja juu ya Mabatini, tukauona moshi mweusi. Vijana walikuwa wamerundika matairi na magogo juu ya jiwe refu, moto unawaka tangu asubuhi, na ufa ulikuwa umeshaanza kufunguka kwa sauti ya kukoroma. Juu kabisa mkuyu mdogo ulikuwa bado umesimama, majani ya upande mmoja yamekauka kwa joto. Kabula alisimama ghafla hivi kwamba nilimgonga kwa nyuma. Alitazama moto, akatazama mti, kisha akageuka na kuanza kuteremka, karibu anakimbia. Nilimkuta chini ameshika mti wa uzio, anahema. "Perusi," akasema, "tunatafuta jiwe lililobaki. Minza alikuwa kwenye lililoondoka." Nami nikawakumbuka wale vijana wenye nyusi nyeupe, nikamshika mkono tukaelekea kwa Mama Rehema.

Mama Rehema aliwajua. Wateja wake wote aliwajua. Alituonyesha kwa mwiko, pale juu, kushoto kwa nyumba ya bati jekundu. Haikuwa mbali hata kidogo. Tulikuta kilima kimeachwa na pengo jeupe, lililo wazi kama jeraha, na kando yake mafungu ya kokoto yaliyokuwa yanasubiri lori. Chini palibaki kitako cha jiwe, kimekatwa, mizizi ya mkuyu imekakamaa juu yake bila mti. Mkabala wake palikuwa na chumba kimoja cha matofali ya udongo, mlango umefungwa. Kabula alikwenda akasimama na mgongo mlangoni. Ziwa lilikuwa pale, na reli chini yake. Mama mmoja aliyekuwa anafua akatuuliza tunamtaka nani.

"Minza," Kabula akasema.

"Minza Msukuma? Alihama huyo." Akakamua shati, akalitundika. "Walipoanza kulipasua hili jiwe alikwenda kuwasihi, wakamwambia mwenye kiwanja kakubali. Akalia sana. Nikamwambia we Minza, jiwe la nini kukuliza hivyo? Akasema, nimewaelekeza watu wa nyumbani hapa, sasa watanipataje?"

Kabula aliuliza kwa sauti ndogo alihama lini.

"Si mara ile. Alikaa kwanza. Masika yote alikaa hapo mlangoni unaposimama, akitoka kazini anakaa anatazama njia. Masika yalipokwisha akafuata kazi ya kuanika dagaa visiwani. Kisiwa gani sijui mwanangu, vipo vingi."

Masika yote. Tulitazamana, na kila mmoja aliona mwenzake ameshaielewa hesabu. Ile siku ya mchuzi wa nazi, wakati Mama Rehema anatuongezea, Minza alikuwa hapo juu amekaa mlangoni. Tungepiga kelele angesikia. Kabula alikaa chini kwenye kokoto, akalia kwa namna ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu mzima, na yule mama akaacha kufua, akaja kukaa naye ubavuni bila kuuliza Minza ni nani kwetu.

Tuliuliza visiwani kwa njia tulizokuwa nazo. Tulikwenda mwaloni Kirumba, mashua zinaposhusha samaki, tukazungumza na wanawake waliokuja na magunia ya dagaa, wakaahidi kusambaza jina. Baadhi nadhani walilisambaza kweli. Krismasi ikafika, Kabula akaenda kwao. Aliporudi nilikuwa nimekaa kwenye lile jiwe letu la chumbani nakunja nguo, akaingia, akavua kitambaa, na kichwa kilikuwa kimenyolewa. Sikuhitaji kuambiwa. Nilimpisha akakaa. Mama Koku naye aliona kupitia mlango, akaondoka, na baada ya muda tukamsikia anachochea moto.

"Nilimwambia nimemwona," Kabula akasema.

"Ulimwambia nani?"

"Mama. Nilimwambia nimemwona Minza. Nikasema amenenepa, ana chumba kizuri, mlango unatazama ziwa, atakuja mvua zikipungua. Akaniuliza amevaa nini. Nikasema kitenge cha bluu." Alikuwa anakipapasa kichwa chake kama kitu cha mtu mwingine. "Akala, Perusi. Siku ile alikula, akaomba tena. Juma lililofuata akafa, mvua zinaendelea."

Nilimwambia amefanya vizuri. Niliamini hivyo, na bado naamini. Akatikisa kichwa. "Nimeshasema nimemwona," akasema. "Sasa lazima nimwone kweli."

Mama Koku alituletea senene, wale panzi wa msimu, aliotumiwa kutoka kwao, waliokaangwa na vitunguu, kitu alichokuwa anakihifadhi kwa wageni wakubwa. Tuliwala mpaka wakaisha, na ndivyo mwaka wetu ulivyokwisha. Mimi nilipangiwa shule Kahama. Kabula aliomba Mwanza, akaomba tena, akakaa ofisini kwa watu mpaka wakampa. Alipanga kile chumba chenye mlango uliofungwa. Akachukua kijiti cha mkuyu, akakipachika kwenye ufa wa kile kitako cha jiwe, akakinywesha maji ya kufulia. Wenye akili walimwambia hakitashika. Baadaye alipata mume, mtu mpole, fundi wa viti, na wakanunua kiwanja kidogo kidogo, chumba kikawa nyumba. Mtoto alipozaliwa alimpa jina la dada yake. Mwalimu mwingine angetaka aitwe mwalimu, lakini yeye aliwasahihisha majirani, wauza mboga, wazazi wa wanafunzi, akataka wote wamwite Mama Minza. Nilipomtembelea mara ya kwanza nilielewa kwa nini. Mlima mzima ulikuwa unalitaja jina lile kutwa, kwa kupanda na kwa kushuka, na yeyote aliyepita bondeni angelisikia.

Niliyawaza hayo nikipita Butimba kwa mwendo wa kobe. Nyumba ya Mama Koku haipo, pana duka la vifaa vya ujenzi, na mbele yake wanauza kokoto kwa toroli. Sikutazama sana. Nilifika Mkuyuni jua limegeuka, nikaanza kupanda, na sikuuliza njia kwa mtu kwa sababu mkuyu ulionekana tangu chini. Sikutegemea ukubwa ule. Mara ya mwisho ulikuwa umelingana na paa. Sasa paa lilikuwa chini ya kwapa lake, mizizi imekikumbatia kitako cha jiwe mpaka hakionekani, na mmoja umeinua pembe ya msingi wa nyumba. Chini yake palikuwa na benchi lililong'aa kwa kukaliwa. Wanawake walikuwa ndani, wanaume nje wamekaa kwenye viti vya kukodi. Minza akatoka, ana miaka yake arobaini na kitu, ana hatua zile zile ndefu, nikamshika nikalia nilichokuwa nimekizuia tangu Kahama.

Tulimtoa siku iliyofuata. Gari halifiki pale. Wagonjwa, makabati, magunia ya saruji na maiti, vyote hupita mabegani. Njia inabana kati ya ukuta wa nyumba na mkuyu, na tawi moja zito limeinama hapo kimo cha mtu. Jeneza likakwama. Wabebaji wakasimama, jasho linawatoka, na jirani mmoja akaja na panga. Nilikuwa nyuma yake, nikalishika lile panga mpini juu ya mkono wake.

"Usikate," nikasema.

"Mama, halipiti."

"Liinueni."

Walinitazama kama bibi aliyechanganyikiwa kwa msiba. Lakini ni vijana wa mlimani, wana adabu. Wakaliinua juu ya vichwa kwa mikono iliyonyooka, wengine wakapanda kwenye mizizi kulipokea upande wa pili, na Kabula akapita juu ya tawi lake, majani yakisugua ubao taratibu. Kisha wakamteremsha kilimani, na sisi tukamfuata tukiimba.

Jioni, watu wamepungua, Minza alikuja kukaa nami kwenye lile benchi na sahani ya ugali na dagaa. Akaniambia wamepata mnunuzi. Mume wake ana kiwanja Nyegezi, mahali gari linafika mlangoni, na watoto wamechoka kupanda. "Mnunuzi anasema mti atautoa kwanza," akasema. "Na kweli mama mdogo, mizizi inatuvunjia nyumba. Mama tulimwambia miaka yote. Anasema subirini. Kila Jumapili yupo hapa anatazama njia, ukimuuliza anasema anapunga upepo." Alikuwa anajua kwamba ana jina la dada wa mama aliyepotea. Zaidi ya hapo hakuambiwa, nadhani kwa sababu ya kile kitenge cha bluu. Kabula hakutaka mwanawe ajue bibi yake alikufa akimsubiri mtu ambaye hakuwa anakuja. Nikamwambia yote. Nilimwambia habari za mwenye ngozi, za mlinzi wa Capri Point, za vijana wenye nyusi nyeupe, za mama aliyekuwa anafua. Nilipofika kwenye maneno ya Minza yule wa kwanza, sasa watanipataje, ikabidi ninywe maji. Ugali ukapoa. Minza hakulia. Alitazama njia, ile njia ya kawaida ya vumbi yenye watoto na mbuzi, kwa muda mrefu. Mwisho akaniuliza, "Atakuwa na umri gani sasa?"

"Mkubwa," nikasema. "Kama yupo."

Akachukua sahani, akaingia ndani. Sikumwambia asiuze. Nyumba si yangu, magoti ya watoto wake si yangu, na mtu hawezi kurithishwa kungoja kwa nguvu.

Asubuhi nilifunga mkoba. Minza alikuwa anafagia chini ya mkuyu, tulikuwa tumeshaagana, nami nilishaanza kuteremka nikijishikiza kwenye kuta za watu. Nilikutana na mwanamke anapanda na beseni kichwani, wa kutoka ufukweni, mmoja wa wale ambao hawapiti kila siku na habari za mtaa huwafikia mwisho. Akasimama kwenye kona ambayo bila shaka amesimama miaka mingi, akainua uso kuelekea kwenye mti.

"Mama Minza," akaita. "Dagaa."

Ufagio ukanyamaza. Nikaufumba mdomo wangu, maana nilikuwa nataka kumwambia yule mwanamke kwamba tumeshamzika, asiite tena. Akaita mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi, na jina likapita juu ya mapaa likashuka upande wa ziwa.

Kisha, kutoka chini ya mkuyu, Minza akaitika.

"Abee."